Enchilada za Kuku Eldoret: Hesabu Yote Iko Kwenye Maji

Anayetaka kupika enchilada za kuku zenye mchuzi mzito wa maziwa jijini Eldoret huanza kwa kuhesabu asivyonavyo: tortilla za mahindi, pilipili kavu za Mexico, krimu chachu. Hesabu hiyo humpotosha. Karibu kila kinachoingia kwenye trei ya enchilada kina mbadala wake katika kaunti ya Uasin Gishu, na mbadala wenyewe aghalabu ni mzuri. Kinachoharibu chakula hiki ni maji. Kuku huyatoa, chapati huyanyonya, maziwa yakikatika huyaacha yaelee, na joto huyakausha mahali yasipotakiwa kukauka. Mpishi anayejua maji yako wapi katika kila hatua atatoa trei ambayo mikunjo yake inashika umbo na mchuzi wake bado unateleza. Asiyejua atapata chapati iliyogeuka uji, hata kama kila kiungo kimetoka ng'ambo.

Tuanze na mkate unaokunjiwa kuku, maana hapo ndipo pingamizi kubwa lilipo. Uasin Gishu na jirani yake Trans Nzoia ndizo ghala la mahindi la Kenya, na bado unga unaouzwa humo haukubali kuwa tortilla. Sababu iko kwenye usindikaji. Huko Mexico, mahindi yalikoanza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, punje huchemshwa katika maji ya chokaa, huachwa humo usiku kucha, kisha husagwa zikiwa zimelowa. Chokaa hulegeza ganda na kuyeyusha sehemu ya kuta za punje, ndiyo maana kinyunya chake hushikamana na kusukumika chembamba. Unga wetu wa ugali haujapitia hatua hiyo. Ukiusukuma hupasuka pembeni, ukiukunja hukatika katikati. Wapo watakaosema basi bila mahindi hiyo si enchilada. Ni kweli kwamba harufu ya mahindi yaliyopikwa kwa chokaa inapotea, na hakuna cha kuirudisha. Lakini kazi ya mkate katika trei hii ni mbili: kukunjika bila kupasuka na kulowa bila kusambaratika. Chapati ya ngano huzifanya zote mbili, na kaskazini mwa Mexico kwenyewe tortilla za ngano ni chakula cha kila siku.

Hata hivyo, si kila chapati inafaa. Ile tunayoisifu mezani, nene, yenye tabaka nyingi zinazoachana, ndiyo mbaya zaidi hapa, kwa sababu mchuzi hupenya katikati ya tabaka na kuzivimbisha. Inayotakiwa ni nyembamba, iliyosukumwa mara moja bila kuzungushwa na mafuta ndani, ikakaangwa hadi madoa machache tu ya hudhurungi, kisha ikafunikwa kwa kitambaa ingali moto ili mvuke wake uilainishe. Mpishi wa Mexico hupitisha tortilla kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache kabla ya kuichovya kwenye mchuzi, ili mafuta yapunguze kasi ya kunyonya. Chapati imeshapata mafuta yake kwenye kikaango, kwa hiyo hatua hiyo inarukwa. Ikiwa ni ya jana na imekakamaa, ipashwe kwanza. Ikikunjwa baridi itapasuka mgongoni, na ufa huo ndio mlango wa mchuzi.

Kwa upande wa kuku, mwinuko nao una neno. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Broila haathiriki sana, lakini kuku wa kienyeji, ambaye mishipa yake huhitaji muda mrefu kulainika, atakaa jikoni zaidi kuliko muda unaotajwa na kitabu kilichoandikwa pwani, isipokuwa atiwe kwenye sufuria ya presha. Ugumu huo una faida yake: supu ya kienyeji huwa nzito na yenye ladha, nayo ndiyo inayofaa kuongezwa kwenye maziwa. Broila ana shida tofauti. Nyama yake hutoa maji mengi, na ikikunjwa ndani ya chapati bado inatiririka, trei nzima hulowa kutokea ndani. Kwa hiyo yeyote kati ya hao wawili achemshwe kando, anyambuliwe, achujwe, kisha apitishwe motoni pamoja na kitunguu, bizari nyembamba na dhania mpaka sufuria iwe kavu. Hoho na pilipili mbichi zichomwe kwenye makaa na kumenywa. Moto huo huongeza ladha na kupunguza maji kwa wakati mmoja.

Mchuzi wa maziwa ndio unaoamua. Vijiko vinne vikubwa vya siagi vikaangwe na vinne vya unga wa ngano bila kuungua, kisha vikombe viwili vya maziwa na kimoja cha supu viongezwe kidogo kidogo huku ukikoroga. Wanga wa ngano huvimba chini ya nyuzi 93, kwa hiyo mwinuko hauzuii mchuzi kuwa mzito. Unachodai ni dakika chache zaidi za moto mdogo ili ladha ya unga mbichi iishe. Uepuliwe ungali mwepesi kiasi cha kumiminika, kwa kuwa oveni na chapati zitachukua sehemu yake. Wengi hupenda kutia mala mahali pa krimu chachu, na uchachu wake unafaa kweli. Ila protini za mala zimekwisha kuganda kwa tindikali. Zikichemshwa hujibana na kuacha maji yakielea. Itiwe baada ya mchuzi kuepuliwa, wanga ukiwa umeshatanda na kuyashika maji hayo. Mursik, maziwa yanayochachushwa kwenye kibuyu chenye mkaa, ni jambo jingine: mkaa wake hubadilisha rangi na ladha ya mchuzi wote, kwa hiyo ni heri inywewe pembeni.

Trei ipakwe mchuzi kidogo chini, mikunjo ipangwe ikibanana, mchuzi umwagwe juu, jibini likwaruzwe. Jibini si kitu cha kutafutwa Nairobi, maana kiwanda cha Doinyo Lessos hulitengeneza hapahapa Eldoret. Kwa kuwa kila kitu kimeshaiva, oveni ya nyuzi 190 kwa dakika 20 hivi inatosha: nusu ya kwanza trei ikiwa imefunikwa, nusu ya pili ikiwa wazi ili juu pakauke na kupata rangi. Pembeni pakianza kutokota na jibini likishika madoa, toa. Ukiiacha zaidi, jibini litatoa mafuta na mchuzi utakatika. Asiye na oveni hajafungiwa mlango. Sufuria kubwa nzito yenye tabaka la mchanga chini, trei juu yake, na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko kuliko yaliyo kwenye jiko, itafanya kazi hiyohiyo. Makaa yakizidi chini, maziwa yataungua kabla jibini halijayeyuka.

Litabaki swali la tortilla za pakiti zinazouzwa kwenye baadhi ya supamaketi: kwa nini mtu asinunue tu? Anunue akitaka, zitamwokolea saa moja. Lakini hazitamchujia kuku wala kumzuia kuchemsha mala. Mwenye pesa za kuboresha kitu kimoja tu kwenye trei hii ainunulie jibini zuri, na muda wake wa ziada autumie kumkausha kuku, kwa sababu huko ndiko chakula hiki hupatia au hukosea.