Mkono Unaojua Kujizuia

Morogoro si mgeni wa habari za maji. Mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, huanzia huko juu kwenye milima ya Uluguru, na masika ya Machi hadi Mei yakikolea, kila korongo hugeuka mto. Mtu aliyekulia hapa hudhani kutunza bustani ni kumwagilia tu. Ndiyo maana nawavulia kofia wanaotunza rozimari inayotambaa, kwa kuwa kazi yao kubwa ni kujizuia.

Asili ya mmea huu ni mwambao wa Mediterania, penye miamba, jua kali na kiangazi kirefu. Majani yake ni membamba kama sindano, hayapotezi maji ovyo. Mizizi ikikaa kwenye tope inaoza, majani yanageuka kahawia. Asiyejua huona kiu, akaongeza ndoo, akaumaliza kabisa.

Mjuzi huanza na mawe. Hujenga ukingo mfupi kwenye mteremko wenye jua la kutwa, akajaza udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni na kokoto, samadi kidogo tu. Mche hukaa juu, matawi yakaning'inia ukutani, na mvua ikapita zake. Mteremko, ambao wengi huuona mkosi, hapa ndio msaada.

Waluguru wanaujua mteremko tangu zamani. Huko Mgeta, milimani Uluguru, hulima kwa ngazi, nyasi zikifukiwa ndani ya udongo zirutubishe shamba. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kuchimba matuta makubwa, yaliyoinua udongo usio na rutuba, wananchi waligoma mwaka 1955 mpaka mpango ukaachwa. Mlima hautaki kulazimishwa, na rozimari vilevile.

Ufundi wenyewe unaonekana kwenye kipandikizi. Chagua ncha changa isiyo na ua, urefu wa kiganja, ukate chini kidogo ya kifundo. Pukuchua majani ya nusu ya chini. Toboa mchanga wenye unyevu kwa kijiti, chomeka, shindilia kwa vidole, uweke kivulini. Baada ya wiki kadhaa kivute taratibu: kikishikilia, mizizi imeshatoka.

Kupogoa nako kuna adabu yake. Kata palipo na majani mabichi. Ukiingiza mkasi kwenye tawi gumu la zamani lisilo na jani, mara nyingi hapachipui tena. Vitawi ulivyokata havitupwi. Vinaingia kwenye nyama ya mbuzi, au kwenye viazi vya kuoka.

Kabla ya kumwagilia mmea uliokwishashika, chomeka kidole udongoni. Ukikuta unyevu, uache. Anayemwagilia kila jioni anafurahia juhudi zake mwenyewe. Anayeuacha udongo ukauke kwanza ndiye amejifunza tabia ya mmea. Ndoo ya jioni ipeleke kwenye mchicha, huo ndio unaoihitaji.