Nzi Kikombeni: Mwenyeji, Mtazamaji na Muuaji katika Tungo Fupi za Kiingereza za Karne ya 18

Tungo fupi za Kiingereza za karne ya 18 aghalabu huhukumiwa kabla ya kusomwa. Hukumu yenyewe inafahamika. Karne hiyo, husemwa, ilikuwa karne ya akili na adabu. Washairi wake walijua kupima mishororo na kuung'arisha msamiati, ila moyo ulikuwa umelala, na haukuamka mpaka walipotokea Wordsworth na wenziwe. Wordsworth mwenyewe alichangia sana kuijenga hukumu hiyo. Katika dibaji yake ya mwaka 1800 alilichukua shairi ambalo Thomas Gray alimlilia rafiki yake, akalinukuu zima, kisha akadai kwamba ni mishororo michache tu ndani yake iliyo na thamani yoyote. Mwaka 1880 Matthew Arnold naye akawahesabu Dryden na Pope miongoni mwa mabingwa wa nathari, sifa ambayo mshairi hawezi kuipokea kwa furaha.

Madarasani hukumu hiyo imevaa vazi jingine. Mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha dhamira: mapenzi, mvinyo, maumbile, kifo. Akishaitia kila moja katika kisanduku chake na kuiwekea mfano, huhesabiwa kuwa ameumaliza utungo. Dhamira hizo zimo, tena tele. Hakuna anayelikanusha hilo. Kosa ni kuzitenganisha. Katika tungo zilizo bora za wakati ule kila moja ya hizo nne hukaa ndani ya nyingine kama chumvi ndani ya maji: huonjwa, haiokotwi.

Iko njia fupi ya kulithibitisha jambo hili, nayo ni kumfuata mdudu mmoja. Katika muda wa miaka kama 60 mdudu huyo anaondoka kwenye kikombe cha William Oldys, anapita katika kivuli cha mwaloni alipoketi Thomas Gray, na anafia mkononi mwa William Blake. Ufupi wa maisha yake haubadiliki kutoka utungo mmoja hadi mwingine. Kinachobadilika ni mahali anaposimama mwanadamu: kwanza ni mwenyeji, kisha ni mtazamaji, mwisho ni muuaji. Mhakiki anayeorodhesha dhamira hawezi kuliona badiliko hilo, kwa kuwa dhamira zenyewe ni zile zile.

Asili ya mdudu huyu ni Kiyunani. Mwaka 1554 Henri Estienne alichapisha mjini Paris mkusanyo wa tungo fupi za Kiyunani zilizoaminiwa kuwa za Anakreoni, mshairi wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Wataalamu wa baadaye walibaini kwamba ni kazi za waigaji wake wa karne nyingi zilizofuata, lakini wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuzipenda. Ndani yake yumo mzee mwenye mvi anayekunywa, anayependa, na anayekicheka kifo kwa kuwa hana budi. Yumo pia nyenje. Nyenje wa Wayunani hunywa umande kidogo juu ya miti na kuimba kama mfalme. Uzee haumchakazi, maumivu hayamjui, naye amekaribia kuwa sawa na miungu. Abraham Cowley alipouleta utungo huo katika Kiingereza mwaka 1656, nyenje aligeuka kuwa panzi, na jambo moja likaongezeka: panzi akishashiba karamu ya kiangazi huenda kupumzika pumziko lisilo na mwisho. Kifo kimeingia, lakini kimeingia polepole, kama usingizi wa mtu aliyekula vizuri.

Oldys ndiye aliyemshusha mdudu huyu kutoka mtini. Bwana huyu (1696–1761) hakuwa mshairi kwa kazi yake. Alikuwa mtu wa vitabu na nyaraka, aliyeshirikiana na Samuel Johnson kuandaa orodha ya maktaba kubwa ya ukoo wa Harley, na angekuwa amesahauliwa nje ya duru za wataalamu kama asingeandika, katika miaka ya 1730, utungo wa beti mbili juu ya nzi aliyetua kwenye kikombe chake. Kila ubeti una mishororo sita, na vina vinakwenda viwili viwili. Msomaji aliyezoea kuhesabu mizani atapata saba karibu katika kila mshororo. Lakini sikio la Mwingereza halihesabu mizani, linahesabu mikazo, nayo ni minne. Mkazo wa kwanza huanguka pale pale mshororo unapoanza, kama kiganja kinachopiga meza. Hayo ni mapigo ya watu walioinua bilauri.

Ubeti wa kwanza ni karibisho. Nzi ana kiu, na mwenye kikombe hamfukuzi. Anamhimiza anywe kadiri awezavyo maadamu uhai ni mfupi. Mpaka hapo hapana jipya. Ubeti wa pili ni hesabu. Nzi ana kiangazi kimoja. Mwanadamu, asema msemaji, naye ana kimoja tu, hata kama kitarudiwa mara 60, kwa sababu hivyo 60 vikishapita huonekana vifupi kama kile kimoja. Hapa ndipo ulipo utungo. Faraja ya kawaida ingekuwa kumkumbusha mlevi kwamba amemzidi mgeni wake mara 60. Mwenyeji anaikataa faraja hiyo kwa hiari yake. Anauchukua utajiri wake wote wa miaka, anaugawanya, na anabaki na moja.

Ifahamike kwamba jambo hili linafanywa kwa lugha ya karani. Hakuna chozi, hakuna kaburi, hakuna usiku wa giza. Wanaosema kwamba karne hiyo ilikuwa na akili pasipo moyo wangefaa kuisoma tena hesabu hii, maana ndani yake akili ndiyo inayouchoma moyo. Mtu asiyejua kugawanya asingehuzunika.

Kinywaji chenyewe hakitajwi. Ni kikombe tu. Ukimya huo una faida yake. Mkataba wa mwaka 1703 baina ya Uingereza na Ureno ulikuwa umeupunguzia mvinyo wa Ureno ushuru kwa theluthi moja kuliko ule wa Ufaransa, na hivyo meza za mabwana zikajaa mvinyo huo, wakati maskini wa London walikuwa wakiangamia kwa pombe kali ya bei rahisi ambayo Hogarth aliichora mwaka 1751. Ushairi wa mvinyo wa wakati ule hauonyeshi dalili ya kuujua mtaa huo. Ulikuwa ushairi wa klabu. Baadaye katika karne hiyo mabwana wa London waliopenda muziki walianzisha jumuiya waliyoiita kwa jina la Anakreoni, na wimbo wake, uliotiwa muziki na John Stafford Smith, umekuwa na bahati ya ajabu: tangu mwaka 1931 lahani yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Marekani, kwa maneno mengine kabisa. Hata ukarimu wa Oldys, ukitazamwa vizuri, una mpaka. Mgeni aliyemkaribisha hawezi kunywa zaidi ya tone.

Mapenzi hayamo katika utungo wa Oldys. Katika Matthew Prior (1664–1721) yamo kwa wingi, lakini ni mapenzi ya maongezi, ya wivu na suluhu baina ya watu wawili waliokwisha kuzoeana. Yanapendeza na hayamkeshi mtu. Mahali ambapo mapenzi yana uzito mkubwa ni pale yanapokosekana, nako ni kwa Gray.

Utungo wa Gray juu ya majira ya kuchipua uliandikwa mwaka 1742 na kuchapishwa mwaka 1748. Una beti tano za mishororo kumi kumi. Msemaji ameketi kivulini karibu na maji, adhuhuri. Ng'ombe wamepumzika, na hewa imejaa wadudu wachanga wanaong'aa juani. Tafakuri inamjia, na inasema yale ambayo tafakuri husema siku zote: kwamba binadamu nao ni hivyo, wachapakazi na wapenda starehe, wanapepea kwa siku moja kisha wanakuwa vumbi. Johnson, katika kitabu chake cha maisha ya washairi kilichotoka baina ya 1779 na 1781, alilalamika kwamba lugha ya utungo huu imesitawi kupita kiasi na kwamba mawazo yake hayana upya. Kwa beti nne za mwanzo ana haki yake. Zimepambwa mno, na mahubiri yake yamechakaa.

Johnson hakuupa uzito wake ubeti wa tano. Ndani yake wadudu wanajibu. Wanamwuliza mhubiri yeye ni nani hata awahurumie. Si mdudu pia? Tena ni mdudu mpweke: hana mwenza anayemngoja, hana asali aliyoiweka akiba, hana mbawa za rangi za kuonyesha. Ujana wake umeruka, jua lake limetua, ilhali wao wanacheza kwa kuwa mwezi wa Mei haujaisha. Utungo unakoma hapo hapo, na mhubiri hapewi nafasi ya kujibu. Mahubiri yaliyochakaa yalikuwa mtego, na aliyenaswa ni yule aliyeyatega. Kwa Oldys mwanadamu alijishusha mwenyewe hadi kwenye hadhi ya nzi, na kujishusha ni heshima ya mwenye nyumba. Kwa Gray anashushwa na nzi. Kasoro anayosutwa kwayo ni kukosa mwenza, na hivyo mapenzi, ambayo hayakutajwa katika mahubiri, yanatokea kuwa ndiyo kipimo cha maisha.

Mtu anayejiambia kwamba ujana wake umeruka alikuwa na umri wa miaka 25. Aliutuma utungo huu kwa Richard West, rafiki yake wa tangu shule, bila kujua kwamba West alikuwa amefariki tarehe 1 Juni. Barua ilirudi haijafunguliwa. Mhakiki hana ruhusa ya kuusoma utungo kana kwamba ni maombolezo, kwani ulitungwa kabla ya habari kufika. Lakini ana ruhusa ya kutambua kwamba shairi la mtu asiye na mwenza lilipelekwa kwa rafiki mmoja, nalo halikumkuta. Baadaye mwaka huo huo Gray alimtungia West shairi la mishororo 14, akaliweka. Halikuchapishwa hadi mwaka 1775, baada ya kifo chake mwenyewe. Ndilo hilo alilolirarua Wordsworth. Ndani yake asubuhi inang'aa, ndege wanaimba, mashamba yanatoa mazao, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachosikia. Mapambo ambayo Wordsworth aliyaona matupu yana kazi yao: ni maumbile yaliyovaa nguo za sherehe mbele ya mtu aliyefiwa. Ni wadudu wale wale, ila safari hii hawahitaji hata kumjibu.

Msomaji wa Al-Inkishafi, ambayo umri wake haupishani sana na tungo hizi, atawakumbuka wadudu wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wanaolia katika kumbi tupu za Pate. Wale hawamsuti mshairi wala hawakaribishwi kinywaji. Ni warithi, na wamekwisha kuhamia.

Blake aliuchapisha utungo wake juu ya nzi mwaka 1794, katika Songs of Experience. Beti tano, mishororo minne minne, mifupi mno. Mapigo ya Oldys yamekatwa karibu nusu. Mkono umempangusa nzi akafa, na mkono huo haukuwaza. Msemaji anamwuliza marehemu kama wao wawili si kitu kimoja, na anaeleza kwa nini: yeye naye hucheza, hunywa na huimba mpaka siku mkono fulani, usioona, utakapompangusa. Kikombe cha Oldys kingalipo, lakini kimesalia katika kitenzi kimoja tu. Zaidi ya hayo, karamu imepata mwenyewe asiyejulikana. Oldys alimkaribisha nzi akijua kwamba wote wawili watakufa kwa kumalizika muda wao. Kwa Blake hakuna anayemalizika, kuna anayepanguswa.

Beti mbili za mwisho zimewagawa wahakiki. Msemaji anasema kwamba ikiwa kuwaza ndiko uhai, na kutowaza ndiko kifo, basi yeye ni nzi mwenye furaha, awe hai au amekufa. Wako wanaoyapokea maneno haya kama utulivu wa mtu aliyeyakubali majaaliwa yake. Wako wanaoona kwamba mantiki yake ni kiwete, tena kwa makusudi. Kundi la pili lina hoja yenye nguvu zaidi, nayo imo katika ubeti wa kwanza. Mkono uliomwua nzi ulikuwa mkono usiowaza. Ikiwa kutowaza ndiko kifo, basi wakati nzi alipouawa, muuaji ndiye aliyekuwa maiti. Msemaji ameishika kanuni inayomhukumu na anaiimba kama wimbo wa watoto. Tena hajui bado kama anawaza sasa.

Kwamba Blake alimjua Gray vizuri si jambo la kukisia. Kuanzia mwaka 1797 alizichorea tungo za Gray picha 116 za rangi, kwa ombi la rafiki yake John Flaxman aliyetaka kumpa mkewe zawadi, na utungo wa majira ya kuchipua ni miongoni mwazo. Lakini utungo wake mwenyewe juu ya nzi alikuwa ameshauchora kabla ya hapo, kwa kuwa alichonga maneno na picha juu ya bamba moja la shaba. Katika picha hiyo mlezi ameinama akimfundisha mtoto kutembea. Nyuma yao yuko msichana aliyetupa mgongo, ameshika kibao cha kuchezea, na hewani mbele yake kuna kitu kidogo chenye manyoya, kinachoruka kikingoja kupigwa.