Jinsi Sakafu Moja ya Tanga Ilivyosawazishwa

Neno sakafu limetujia kutoka Kiarabu, na asili ya maana yake ni dari. Na katika majumba ya mawe ya pwani yetu, ambamo dari ya chini ilikuwa ndiyo sakafu ya juu, maana hizo mbili zilikutana juu ya boriti za mikoko, na chokaa iliyotandazwa hapo ikapondwa kwa vigongo siku baada ya siku hata ikashikana. Saruji imetuondolea taabu ya kuponda, lakini haikutuondolea haja ya saburi. Nami nililishuhudia hilo Tanga, jamaa yangu alipoongeza chumba cha mita 4 kwa 3 ubavuni mwa nyumba yake.

Fundi, mtu wa makamo, hakukimbilia zege. Siku nzima ya kwanza aliitumia kushindilia kifusi, tabaka zisizozidi sentimita 15, kwani kifusi kilicholegea hudidimia baadaye na kuiacha sakafu juu ya utupu mpaka ipasuke. Kisha akatandika nailoni ya kuzuia unyevu, akatwaa mpira mwangavu uliojaa maji, akaukagua urefu wake wote lisije likawamo povu la hewa, akapiga alama mlangoni, mita 1 juu ya sakafu ya zamani, na kwa mpira huo akaihamisha alama ile mpaka pembe zote nne. Maji yaliyotulia katika ncha mbili za mpira husimama kimo kimoja, hata ukuta ukiwa kati yao. Ilhali pima maji fupi, ikihamishwa hatua kwa hatua, hulimbikiza kosa dogo la kila hatua. Kutoka alama hizo alishuka kipimo kimoja, akafunga nyuzi. Na kwa maoni yangu sakafu ile ilikwisha kunyooka saa hiyo, kabla ya mfuko mmoja wa saruji kufunguliwa.

Zege lilikuwa la unene wa sentimita 10, kwa uwiano wa 1:2:4, nalo lilikula mifuko 8. Kijana wa koleo alilalamika.

"Fundi, zege gumu hili. Tuongeze ndoo moja."

"Mwanangu, ndoo hiyo itakupumzisha mkono leo, na kesho itatuachia vitundu."

Ndivyo hasa ilivyo, maana saruji huyanywa maji kwa kadiri yake tu, na yaliyozidi hukauka yakaacha matundu yanayoidhoofisha. Kwa hiyo hakuvuka takriban lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, unyevu wa mchanga ukihesabiwa humo. Alitangulia kumwaga mikanda miwili kando kando, akailinganisha na uzi, kisha akajaza katikati na kuburura fito iliyonyooka juu ya mikanda hiyo, akiichezesha kama msumeno.

Hapo akaketi, na hapo ndipo penye siri. Zege likitulia hupandisha maji juu, likang'aa kama kioo, na fundi mwenye haraka hunyunyiza saruji kavu juu ya maji hayo ili apige niru upesi. Chumbani mwangu ilifanywa hivyo, na kabla ya mwaka kwisha uso wa sakafu ulibanduka mithili ya magamba ya samaki. Huyu alingoja mng'ao upotee wenyewe, akabonyeza kwa kidole gumba, na alipoona alama haizami ndipo akapiga magoti juu ya kipande cha ubao, akasugua kwa mbao, akangoja tena, akamalizia kwa mwiko wa chuma.

Kwa kuwa upepo na jua la pwani hukausha upesi kuliko saruji inavyokomaa, siku 7 sakafu ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa asubuhi na jioni. Siku ya 8 akalaza fito ya mita 2 kila upande, na kujaribu kupenyeza sarafu chini yake; haikupenya popote, isipokuwa katika pembe moja iliyo nyuma ya mlango.