Sifa za Mlikiza Ndama

Miongoni mwa kazi ambazo watu huzipita bila kuzitupia jicho, kwa kuwa hutendeka alfajiri, nyuma ya nyumba, na aghalabu kwa mikono ya wanawake, imo kazi ya kumlikiza ndama wa ng'ombe wa maziwa. Nami naihesabu kuwa sanaa iliyo kamili na yenye kustahiki taadhima, maana mwenye kuitenda hujenga kiungo ambacho macho yake hayatakiona kamwe, wala hana chombo cha kukijengea isipokuwa chakula anachokiweka horini.

Ndama huzaliwa na matumbo manne kama mamaye, lakini katika siku zake za kwanza ni moja tu lifanyalo kazi. Hilo ni tumbo la nne, nalo huchukua zaidi ya nusu ya nafasi yote. Na lile la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mzima ni pipa kubwa la kuchachulia majani, kwake yeye ni mfuko mdogo uliosinyaa, wenye kuta nyororo. Anyonyapo, mikunjo miwili ya nyama iliyo penye mwisho wa umio hukutana ikafanya mfereji, na maziwa hupita humo yakashuka hata tumbo la nne bila kuligusa la kwanza. Ndiyo sababu ndama anyweshwaye maziwa peke yake huweza kunawiri na kung'aa manyoya, ilhali tumbo lake la kucheulia lingali limelala. Na siku anaponyimwa maziwa hayo kwa ghafla, hudhoofu mbele ya hori lililojaa majani, kwa kuwa hana kiungo cha kuyageuza yawe nguvu.

Ni kitu gani basi kiliamshacho tumbo hilo? Wengi walidhani ni ukavu na uzito wa nyasi. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko Marekani, walilichunguza jambo hili kwa tadbiri ya ajabu: waliwatia ndama vipande vya sifongo tumboni, wakaona kwamba tumbo lilipanuka, ila zile ndimi ndogo za ukutani zifyonzazo chakula hazikuota. Zilizoziotesha ni tindikali zinazozaliwa nafaka inapochachuka tumboni. Kwa maneno mengine, chakula chenyewe ndicho kijengacho kiungo cha kukipokea, na mlikizaji aliyelifahamu hilo, hata kama hajapata kuisikia habari ya sifongo, ameshika kiini cha sanaa yake.

Wenye kulifahamu wako wengi miteremkoni mwa Kilimanjaro, ambako ardhi ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni haba, na ng'ombe hufugwa bandani tangu zama za mababu, wakaletewa majani kwa mzigo wa kichwani kutoka tambarare. Mama wa kihamba humpa ndama dang'a katika saa za kwanza za maisha yake, maana kinga ya mama haikumfikia alipokuwa tumboni mwa mamaye, na matumbo yake hayataipokea tena baada ya siku moja kupita. Kisha humzoeza ndoo: hunawa, humtia kidole kinywani, ndama akanyonya, naye hukiinamisha kichwa chake taratibu mpaka kidole na midomo vizame katika maziwa yenye uvuguvugu. Kabla wiki ya kwanza haijaisha, huweka konzi ya mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, chumvi na madini, na kila asubuhi hukiondoa kilicholala akaweka kipya, kwa kuwa ndama hukinai harufu ya uchachu. Mgomba, ambao ng'ombe mzima huutafuna, hampi, maana umejaa maji na hauna nguvu. Wala hamnyimi maji safi. Na hapa wengi hukosea, wakisema kwamba maziwa ni maji ya kutosha, ilhali maziwa hupita mferejini na tumbo la kwanza hubaki kavu, na vijidudu vichachuavyo nafaka haviwezi kuishi pakavu.

Kuhusu siku ya kuondoa maziwa, ambayo wengine huitaja kuwa wiki ya 8 na wafugaji wengi wadogo hungoja mwezi wa 3, mimi sioni kuwa kalenda ni hakimu mwadilifu. Hakimu ni mdomo wa ndama. Akila chakula cha nafaka kinachokaribia kilo 1 kwa siku, kwa siku 3 mfululizo, yu tayari. Asipokula, umri haumfai kitu. Hata hapo mlikizaji hodari hupunguza maziwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili, wala hamhamishi banda wala hamkati pembe siku zizo hizo, ili taabu mbili zisimkute pamoja.

Najua ugumu ulioko. Kila lita aliyopewa ndama ni lita isiyofika kwa mnunuzi, na nyumba yenye karo ya shule na deni la dukani huitazama ndoo ya ndama kwa macho ya uchungu. Ndiyo maana namsifu zaidi mama yule aliyepokea mtamba kwa mkopo wa kijiji, kwa ahadi ya kumtoa mtamba wa kwanza atakayezaliwa ampe jirani mwingine, na hata hivyo akamlea ndama huyo, ambaye si wake, kwa kipimo kile kile cha nafaka na usafi ule ule wa ndoo. Laiti siku ya kumkabidhi mtamba wanakijiji wangemwomba mama huyo akae kwa jirani hata juma moja, amwonyeshe namna ya kuparaza mahindi na kukisoma kinyesi cha ndama kila asubuhi, maana mengi ya ujuzi huo hayajaandikwa popote.