Anza na Mgongo: Namna ya Kukagua Zulia la Maua

Muuza mazulia hukukunjulia upande wenye maua. Ndivyo afanyavyo Korogwe, ndivyo afanyavyo Tanga mjini, na akipandisha mzigo hadi huku Bungu, milimani Usambara, atafanya vivyo hivyo, maana anajua jicho la mnunuzi hukimbilia rangi kabla ya jambo lingine lolote. Mwongozo huu unakutaka ufuate njia ya kinyume: maua yakaguliwe mwisho. Kila ua lililotoka kwenye mashine limeigharimu mashine hiyo kitu, ama uzi wa ziada, ama mwendo wa pembeni, ama sindano iliyosimama kusubiri zamu yake. Kiwanda kizuri hulipa gharama hiyo chenyewe. Kiwanda chenye haraka humwachia mnunuzi deni, na deni hilo hukaa mgongoni mwa zulia, kwenye safu na kwenye mashina ya nyuzi.

Sisi wa milimani tuna sababu mbili za kuwa wakali kuliko watu wa uwandani. Ya kwanza ni ukungu na sakafu za saruji zinazotoa unyevu miezi ya masika. Zulia baya linaloweza kudumu Dodoma huku huoza mapema. Ya pili ni mkonge. Usambara inatazamana na mashamba yaliyolisha viwanda vya kamba vya dunia tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Baadaye soko la kamba likaporomoka, na mmoja wa waliolibomoa alikuwa polipropilini, plastiki ambayo Giulio Natta aliipata maabarani huko Italia mwaka 1954. Leo plastiki hiyohiyo ndiyo uzi wa mazulia mengi ya bei nafuu yanayouzwa Korogwe, hatua chache kutoka kwenye mkonge. Mtu aliyekulia kwenye nchi ya singa, yaani nyuzi za mkonge, hana udhuru wa kununua uzi asioujua.

Limefumwa au limedungwa?

Swali la kwanza ni la ukoo. Zulia lililofumwa lina mtande na mshindio, na nyuzi za juu zimeshikwa na mfumo wenyewe. Ukiligeuza, unaliona ua upande wa pili pia, limefifia lakini linasomeka. Mazulia mengi ya Kituruki yauzwayo kwetu ni ya ukoo huu.

Zulia lililodungwa ni jamii nyingine. Kitambaa kipo tayari. Sindano zinakitoboa zikishuka na uzi, kulabu inaushika uzi upande wa pili, sindano inarudi, na kitanzi kinabaki. Kitanzi kikiachwa kizima, tunapata zulia la vitanzi. Kisu kikikikata, tunapata lile ambalo wengi huliita kapeti la manyoya. Mgongoni hupakwa gundi ya mpira, kisha hubandikwa kitambaa cha pili, kwa hiyo ua halionekani kwa nyuma.

Ufundi huu wa kudunga ulianza kwa mkono. Katika mji wa Dalton, jimbo la Georgia, Marekani, msichana aitwaye Catherine Evans alishona shuka la kitanda lenye vishungi mwaka 1895, na mwaka 1900 akauza moja kwa dola mbili na nusu. Alipomaliza kushona alilichemsha shuka ili pamba ijikaze na kubana vishungi visitoke. Dalton ikawa mji mkuu wa mazulia ya kudungwa, mashine zikachukua nafasi ya mikono, lakini tatizo la yule msichana halijaondoka: ni nini kinachokishika kishungi? Kwake ilikuwa pamba iliyonywea. Kwetu ni gundi. Ndiyo maana ukaguzi unaanzia nyuma.

Mgongo

Mwambie muuzaji, kwa upole: “Ndugu, naomba unigeuzie.” Kunja kona moja kwa nguvu, kisha sikiliza. Gundi nzuri hupinda kimya na kurudi. Gundi iliyojazwa unga wa chokaa kupita kiasi hulia, hupasuka, na hukuachia vumbi jeupe kiganjani. Kiasi fulani cha unga huo ni cha kawaida, kila kiwanda hukitia. Kinachokataliwa ni gundi inayopukutika kabla zulia halijakanyagwa hata siku moja. Baada ya mwaka vumbi hilo utalifagia chini ya kochi, na vishungi vitalifuata.

Halafu jaribu kutenganisha vitambaa viwili vya mgongo kwenye ukingo uliokatwa. Vikiachana kwa kucha, rudisha. Kwenye ukingo huohuo shika kishungi kimoja na ukivute. Kitokacho bila ubishi kinakupa habari za wenzake wote. Kwenye zulia la vitanzi jaribio hili ni la lazima, kwa sababu uzi wa safu nzima ni mmoja: kitanzi kimoja kikinaswa na mguu wa kiti, safu hufumuka mpaka mwisho wa chumba.

Uliza pia kitambaa cha mgongo ni cha nini. Kile cha juti hupendeza na hushika gundi vizuri, lakini kikilowa hunywea, huacha madoa ya kahawia na huota ukungu. Kwa nyumba ya Bungu, Lutindi au Lushoto, mgongo wa plastiki ndio salama.

Safu

Mashine pana, ya takriban futi 12, hubeba sindano zote kwenye fito moja. Zikipangwa nane kwa kila inchi, ni sindano 1,152 zinazoshuka kwa pamoja, mamia ya mapigo kwa dakika. Fito ikidunga mara kumi kwa kila inchi ya mwendo, inchi moja ya mraba ina vishungi 80, na mita moja ya mraba ina vishungi kama 124,000. Huhitaji kuvihesabu. Weka rula ya mtoto wa shule mgongoni kabla ya kitambaa cha pili, pale ukingo ulipoachwa wazi, uhesabu safu za inchi moja kwa upana na midungo ya inchi moja kwa urefu. Zidisha. Namba hiyo ni ya kweli kuliko neno “zito” atakalokuambia muuzaji, kwa sababu uzito unaweza kutoka kwenye gundi na chokaa.

Asiye na rula alikunje zulia juu ya ukingo wa meza, maua yakiwa juu. Ukiona kitambaa kikitabasamu kati ya safu, vishungi ni vichache. Usidanganywe na urefu: manyoya marefu yaliyotawanyika hulala chini mwezi wa kwanza, na mafupi yaliyosongamana hubaki yamesimama.

Kisha tazama safu kwa urefu, macho yakiwa chini karibu na sakafu, mwanga ukitoka dirishani. Mstari mmoja ulio juu au chini ya jirani zake kutoka mwanzo mpaka mwisho ni sindano iliyopinda, au uzi uliokuwa umekazwa kupita mingine. Kosa la namna hii halitoki kwa kupiga brashi.

Shina na kisu

Panua manyoya kwa vidole viwili, kama mtu anayegawa nywele za kusuka, uone shina. Kila kishungi kilichokatwa kina miguu miwili inayotoka tundu moja, na miguu hiyo inatakiwa ilingane. Mmoja ukiwa mrefu na mwingine mfupi, kisu kilikuwa butu au kilikaa vibaya kwenye kulabu. Kiwanda hulificha kosa hilo kwa kulinyoa zulia juu likawa sawa, na likinyolewa sana unalipia uzi uliobaki sakafuni mwa kiwanda. Vitanzi vilivyosahauliwa katikati ya manyoya ni dalili hiyohiyo.

Uzi

Omba kishungi kimoja, kitie kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni, ukizamishe kwa kidole. Polipropilini huelea, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Nailoni, polista na sufu huzama. Kwa kiberiti, mbali na mzigo wa watu: plastiki huyeyuka na kuwa kidonge kigumu, sufu hunuka nywele na hujizima, mkonge huwaka kama karatasi na kuacha majivu.

Polipropilini si uzi wa kudharauliwa. Hainywi maji, rangi yake hutiwa plastiki ikiwa bado uji na hivyo haichuji, na chai ikimwagika inafutika. Udhaifu wake ni uvivu: ikilazwa na mguu wa kabati haiinuki. Nailoni huinuka. Kwa njia inayopitwa sana lipia nailoni. Kwa chumba cha kulala huna haja.

Sasa, ua

Ua la zulia la kudungwa hupatikana kwa njia chache, na kila njia ina mahali pake pa kukaguliwa.

Njia ya kwanza ni ya juu na chini. Mashine hubadili kasi ya kulisha uzi: ikilisha kidogo, sindano hujichukulia uzi kwenye kitanzi kilichotangulia, nacho hushuka. Ua linakuwa mabonde na vilima vya rangi moja. Kagua ukingo wa ua. Mashine nzuri huvuka kutoka juu kwenda chini ndani ya mdungo mmoja au miwili. Dhaifu huacha mteremko, na majani ya ua huonekana yamevimba.

Njia ya pili ni kusogeza fito ya sindano pembeni kati ya pigo na pigo. Rangi zimepangwa kwa zamu kwenye sindano, na msogeo huzaa misumeno, almasi na vigae. Hapa tafuta pembe. Ncha ya almasi iwe ncha, na ikirudiwa mara ishirini, zote ishirini zilingane. Kama fito haifiki mahali pake sawasawa, mwanya mwembamba hujitokeza pale safu zinapobadilishana.

Njia ya tatu ni ya rangi nyingi, ambapo kila mahali rangi inayotakiwa huinuliwa na nyingine huzikwa chini au husubiri. Hii ndiyo ghali, na ndiyo inayoficha mengi. Panua manyoya ya sehemu nyeupe. Ukiona nyekundu inachungulia shinani, subiri manyoya yachakae kidogo na weupe wako utakuwa waridi. Linganisha pia msongamano wa ua na wa uwanja wake. Mashine inayokimbia hupunguza midungo penye rangi nyingi, na ua lenyewe ndilo huwa jepesi kuliko mahali pote.

Njia ya nne ni kuchapa rangi juu ya zulia lililokwisha kudungwa. Haina aibu ikiuzwa kwa jina lake. Panua tu uone rangi imeshuka mpaka wapi. Ikiishia nusu ya urefu, unanunua picha.

Mwisho ni bunduki ya mkono ya kudungia uzi, inayotumiwa kwa nembo za hoteli na mapambo ya kuagizwa. Hapo mistari ya mgongoni huzunguka kufuata mchoro, nawe unahukumu mkono wa fundi: kingo zilizochongwa kwa mkasi, na safu zisizoacha uwazi zinapopinda.

Njia yoyote iwayo, likunje zulia kwa upana, ukingo juu ya ukingo. Ua la kushoto likutane na la kulia. Kwa zulia la msikiti jambo hili halina mjadala, kwa sababu mstari ukipinda, safu ya waumini nayo imepinda. Na kama chumba kinahitaji vipande viwili, nunua vya roli moja, manyoya yakilala upande mmoja, na uongeze urefu wa kutosha kulinganisha ua.

Na mkonge je?

Singa ni ngumu kwa sindano nyembamba, kwa hiyo zulia la mkonge kwa kawaida hufumwa, na ua lake hutoka kwenye mfumo: miiba ya samaki, vigae, vinundu. Kagua unene wa uzi usiobadilika na rangi ya maziwa isiyo na mabaka ya ganda, dalili ya singa zilizooshwa vizuri baada ya korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Ni zulia la chumba kikavu. Maji huliachia doa, na unyevu hulifanya livimbe na kusinyaa. Kwenye ghorofa au sakafu ya mbao huku milimani linafaa sana. Kwenye saruji inayotoa jasho, hapana.

Pesa ikipungua

Bajeti ikibana, ziko daraja za kuacha. Acha kwanza idadi ya rangi: zulia la rangi mbili lenye kingo safi litakuheshimisha kuliko la rangi nane lenye ukungu wa rangi. Acha kisha urefu wa manyoya. Acha hata ukubwa, ufunike katikati ya sebule tu. Usiache msongamano, wala gundi, wala mgongo unaovumilia unyevu. Ukishanunua, lisafirishwe limeviringishwa kwenye bomba au mti, lisikunjwe kwenye buti la gari la Noah, maana mkunjo huvunja gundi uliyotoka kuikagua. Ukifika, iache sakafu ikauke kwanza, na usilitandike zulia kabla hujafagia saruji na kuweka karatasi nzito ya nailoni chini yake.