Wanaobaki Kusugua Ukoko

Matangazo ya Jumapili husomwa kwa dakika chache: Jumamosi usafi, wiki ijayo Sikukuu ya Mavuno. Msomaji akikaa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Katika Dayosisi ya Anglikana ya Morogoro, iliyoanzishwa mwaka 1965, kazi hiyo haina mshahara. Akina mama wanateka maji, wanachambua mchele, wanapuliza kuni mbichi hadi machozi yanawatoka. Vijana wanabeba mabenchi. Siku ya Mavuno, baada ya ibada ni mnada: kuku aliyefungwa miguu, debe la mahindi, mkungu wa ndizi. Mtu mmoja anaandika kila ahadi daftarini, na ndiye atakayelaumiwa hesabu ikipungua. Wageni wakishashiba, ukoko husuguliwa na wale wale walioamka alfajiri. Jumapili ijayo, tangazo likisomwa, nawe andikisha jina lako.