Singo ya Uso

Kwanza alizitenga karafuu. Ungo ulikuwa umejaa mawaridi makavu, asumini, mrehani, majani ya mpachori, vipande vya manjano na mchele uliolowekwa usiku kucha kisha ukaanikwa kivulini. Bibi alizisogeza karafuu pembeni kwa ncha ya kidole. “Hizi za mgongoni, mwanangu. Usoni zinachoma.” Mafuta ya karafuu ni makali kwa ngozi laini, na yeye amelijua hilo kwa kusinga nyuso za watu, miaka nenda miaka rudi.

Msomaji wa Tanga, Pangani, Unguja au Mombasa hahitaji kuelezwa singo ni nini. Bibi arusi husingwa siku kadhaa mikononi mwa somo wake, nongo zikamtoka, ngozi ikalainika. Huku Lushoto singo ilipanda na wanawake wa pwani waliowafuata waume zao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo ni kona juu ya kona hadi Soni na mjini. Bibi huyu naye ni mzaliwa wa Pangani aliyeolewa na Msambaa, na mlima umembadilishia mapishi. Baridi ya Juni na Julai hupausha nyuso, kwa hiyo singo ya pwani, kavu na ya kukwangua, hapa ingeumiza. Yeye huikoroga kwa asali na parachichi lililoiva sana, ambalo Lushoto halikosekani. Hakuna aliyemwelekeza. Alizitazama ngozi za wakwe zake akaona zinataka nini.

Kinachonifanya nimsifu hasa ni jinsi anavyosaga. Mchele na manjano hutwangwa pamoja kwenye kinu, unga ukapitishwa kwenye chekecheke. Wengi wangeishia hapo. Yeye hutandika kipande cha melimeli juu ya bakuli, akaupitisha tena, taratibu, akiugonga ukingo wa bakuli kwa kidole. Kinachobaki juu ya kitambaa hakitupwi: hicho ni cha visigino na viwiko. Kilichopita ndicho cha uso, lakini bado hakiamini. Huchota kidogo, akakilowanisha kwa marashi na kukisugua upande wa ndani wa mkono wake, pale ngozi ilipo nyembamba, huku amenyamaza na kugeuza uso pembeni ili vidole tu ndivyo visikie. Nikiwa nimekaa naye, aliurudisha unga kinuni. Mimi nilikuwa nimeugusa nikauona laini kabisa. Alitwanga upya, akachuja upya, na alipoupima tena akasema, “Sasa.”

Kisha ikaja liwa. Kipande cha msandali, kilicholika upande mmoja kwa matumizi, kilizungushwa juu ya jiwe lenye matone ya marashi. Kinachopatikana kwa dakika nyingi za kuzungusha ni ute mdogo wa rangi ya maziwa yenye chai, usiojaza hata kijiko. Liwa hupakwa mwisho, baada ya kusinga, kuipoza ngozi iliyotoka kusuguliwa. Kwa karne nyingi msandali wa namna hiyo ulivuka kutoka India kwa majahazi ya msimu. Ule wetu wa Afrika Mashariki umekatwa na kung'olewa mpaka mizizi kwa ajili ya mafuta yake, hata ikabidi mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa iwekwe chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES.

Si kila uso anausinga. Msichana aliyeletwa akiwa na chunusi zilizoiva alimrudisha nyumbani na asali tupu, akamkataza kujisugua mpaka zikauke, kwa sababu kusugua chunusi ni kuitia jeraha. Mama wa makamo mwenye uso mkavu hampi unga wowote. Humpaka maziwa ya mgando, akamwacha kidogo na kumwosha. Mswidi Carl Wilhelm Scheele aliitenga asidi ya maziwa yaliyochacha kama hayo mwaka 1780, na mwaka 1974 wataalamu wa Marekani, Van Scott na Yu, wakaandika jinsi asidi za jamii hiyo zinavyolegeza ngozi iliyokufa ibanduke yenyewe. Ngozi ya kijana hujivua na kujitengeneza upya kwa takriban mwezi mmoja, na umri ukisonga inachelewa. Kazi ya somo ni kuisaidia mwendo wake. Kuikimbiza ni kuidhuru.

Leo tunaikimbiza. Simu zimejaa mafundisho ya kuchanganya sukari na ndimu na kujisugua mpaka uso uwake. Chembe za sukari zina ncha, na maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huacha mabaka meusi yanayokaa wiki na miezi. Wengine husugua uso kwa magadi, ambayo huondoa uchachu mdogo wa asili unaoilinda ngozi. Wenye pesa walinunua sabuni zenye chembechembe za plastiki, zikateremka na maji machafu hadi baharini. Marekani ilitunga sheria ya kuzizuia mwaka 2015. Na mkorogo wenye zebaki, ambao unaniuma kuliko yote, bado unauzwa kwa kunong'onezana, ingawa Mkataba wa Minamata ulitaka vipodozi vyenye zebaki viwe vimeondolewa sokoni ifikapo 2020. Binti anayeolewa anaingia saluni, anachubuliwa kwa saa moja, anatoka akimeremeta. Hakuna aliyemuuliza kama ngozi yake hukauka au hutoa mafuta, wala kumjaribishia chochote mkononi kwanza.

Nilimuuliza Bibi nani anajifunza kwake. Wajukuu wako Dar es Salaam na Arusha. Wakija likizo hupenda kunusa ungo, wakapiga picha, wakaondoka. Vipimo vyake havijaandikwa popote, na hata vikiandikwa havitamfaa asiyejua kuusikia unga kwa vidole.

Mwaka jana alimjia mfanyabiashara akitaka singo ya ndoo nzima, kavu, ifungwe kwenye pakiti, moja kwa watu wote. Bibi alimuuliza itakwenda kwenye uso wa nani. Hakuwa na jibu, akashuka zake. Hivi sasa sokoni inauzwa singo ya pakiti yenye harufu kali ya waridi. Niliinunua nikaisugua ndani ya mkono kama nilivyomwona akifanya. Inakwaruza, imejaa karafuu, na juu ya pakiti hakukuandikwa kama ni ya uso au ya mgongo. Wasichana wawili walikuwa nyuma yangu wakisubiri kununua.